Mwenyeji Ndiye Mgonjwa

Mabibi na mabwana, wanamuziki, mafundi wa sauti, na nyinyi mliosimama kule nyuma karibu na mlango ili muweze kuchomoka mapema: asanteni kwa kuja.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuendesha kampuni inayowaita wanamuziki wa kujitegemea studioni, ikawarekodi wakipiga, na kurusha kazi hiyo mubashara. Najua baadhi yenu mmeshanunua kamera, na wengine mmeshalipia hata chumba. Sikuja kuwavunja moyo. Ila kabla ya kamera nataka turudi kwenye methali ambayo kila mtu humu anaijua, na ambayo kampuni nyingi za aina hii zimeisoma kinyume: mgeni njoo, mwenyeji apone.

Katika biashara hii mwenyeji ni studio na mgeni ni mwanamuziki. Sasa mgonjwa ni nani? Nimekaa nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, miaka mingi, na mara ngapi nimemsikia mwenye studio akimwambia kijana aliyeingia na gitaa mgongoni, "Sisi tunakupa nafasi ya kujulikana." Anatamka kama mganga anayegawa dawa. Lakini hebu tazameni. Chumba kilikuwa kitupu kabla kijana hajaingia, na chaneli haikuwa na chochote cha kurusha jioni ile. Akiamua kuondoka bila kupiga, anaondoka na nyimbo zake. Sisi tunabaki na taa na waya. Wagonjwa ni sisi, na nitakayoyasema leo kuhusu hedifoni, saa na mikataba yote yanatoka hapo.

Kazi hii haikuanza na intaneti. Ilizaliwa na katazo. Kule Uingereza, kwa miongo kadhaa, BBC ilikuwa imefungwa na makubaliano na makampuni ya rekodi pamoja na chama cha wanamuziki, yaliyoweka kikomo cha saa ambazo redio inaweza kupiga santuri. Waliuita muda wa sindano, ile sindano ya gramafoni. Hofu ya wanamuziki ilikuwa na msingi: redio ikicheza santuri kutwa kucha, mpiga tarumbeta ataajiriwa na nani? Kwa hiyo saa zilizobaki zilibidi zijazwe na watu wanaopiga vyombo studioni. Radio 1, stesheni ya BBC ya muziki wa vijana, ilipofunguliwa Septemba 1967 kikomo hicho kilikuwepo bado, na hakikuondolewa hadi 1988.

John Peel, aliyetangaza Radio 1 tangu mwaka huo wa 1967 hadi alipofariki 2004, alikigeuza kikomo hicho kuwa shamba lake. Vipindi vilivyorekodiwa kwa ajili yake vilipita 4,000, na wengi walioitwa walikuwa bendi ambazo hakuna kampuni iliyokuwa imezitolea macho. Nyingi zilirekodiwa Maida Vale, London, katika jengo lililojengwa 1909 kuwa ukumbi wa kuteleza kwa viatu vya magurudumu. Kawaida ilikuwa nyimbo nne, kurekodi na kuchanganya, yote ndani ya siku moja.

Siku moja, jamani. Ukiwa na siku moja huwezi kumrudisha mwimbaji mara thelathini kwenye ubeti uleule. Unachopata hakina unadhifu wa albamu, wala hakina fujo la jukwaani. Kimekaa katikati, na hiyo katikati ndiyo bidhaa yetu mpaka leo.

Waliofuata walijifunza hilo kila mmoja kwa njia yake. Mwaka 2006 Daytrotter walianza katika mji wa Rock Island, Illinois, kando ya Mto Mississippi. Mji wenyewe si mkubwa. Ujanja wao ulikuwa barabara: bendi zilizokuwa safarini kati ya jiji moja na jingine zilikata kona, zikarekodi nyimbo chache kwenye tepu ya analogi, zikarudi garini. Mwaka 2008, Marekani hukohuko, mtangazaji Bob Boilen wa NPR, redio ya umma ya huko, alitoka kwenye onyesho la Laura Gibson ambako kelele za watu zilimfunika mwimbaji kabisa, na ukaibuka utani kwamba heri aje aimbe mezani kwake ofisini. Akaja kweli. Ndivyo zilivyozaliwa Tiny Desk Concerts, na sharti moja gumu: sauti ya mwimbaji haikuzwi mle chumbani. Mpiga dramu akitaka kumsikia mwimbaji, apunguze mkono. Audiotree wakaanza Chicago 2011, na 2016 COLORS wakatokea Berlin na ukuta wa rangi moja na maikrofoni moja, basi.

Nawasihi mlitazame jambo linalowaunganisha hao. Kila mmoja alichagua ukomo mmoja akaushikilia: siku moja, barabara, meza, rangi. Kijana anaponijia na mpango wa kampuni wenye kamera kumi na mbili na skrini kubwa ya nyuma, huwa namuuliza ukomo wake ni upi. Mara nyingi hujibu kwamba hana ukomo. Hapo huwa naanza kumhurumia mwenye fedha zilizowekwa mle.

Sasa twende chumbani.

Kuna mwimbaji mmoja alikuja kwetu, mama wa makamo, mtu aliyeimba miaka kuliko umri wa fundi wetu mdogo. Kwenye mazoezi ya asubuhi alikuwa anashuka. Noti za mwisho za kila mstari zilikaa chini kidogo, kama kiti chenye mguu mfupi. Ndani ya chumba cha mitambo vijana walishaanza kunong'ona kuhusu programu za kunyoosha sauti. Mmoja akasema labda amechoka na safari. Nikaingia ndani, nikamwomba hedifoni zake, nikazivaa, nikasimama palepale aliposimama, nikawaambia bendi wapige. Nilichosikia ni dramu, dramu, na besi iliyonuna. Sauti yake ilikuwa mbali kama mtu anayeita kutoka ng'ambo ya ukuta, tena imecheleweshwa na programu fulani ya mwangwi ambayo mtu aliiacha wazi kwenye kompyuta. Mama hakuwa anakosea. Sisi ndio tuliomziba masikio, halafu tukamlaumu kwa kutosikia.

Tangu siku hiyo sheria ya chumba changu ni kwamba fundi hamhukumu mwanamuziki mpaka ameshavaa viatu vyake. Namaanisha fundi asimame kila mahali atakaposimama mwanamuziki, avae hedifoni ileile, asikilize wimbo mzima. Inachukua dakika ishirini. Hakuna kifaa mtakachonunua kitakachoongeza ubora wa kipindi kuliko dakika hizo ishirini, na ndiyo maana hakuna muuzaji wa vifaa atakayewatajia.

Kwa nini kuchelewa kidogo kunaharibu? Sauti hewani husafiri mita 343 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila mita moja hula milisekunde tatu. Watu wawili waliokaa mita tatu wanasikiana kwa kuchelewa milisekunde tisa, na wamezoea hivyo tangu wanajifunza kupiga. Wapeleke mita kumi, imekuwa milisekunde karibu thelathini, na hapo tempo huanza kuburuzika kwa sababu kila mmoja anamngoja mwenziwe bila kujua. Kompyuta iliyopangwa vibaya inaweza kuongeza kiasi hichohicho ndani ya hedifoni wakati watu wamekaa magoti kwa magoti. Mwimbaji ndiye anayeumia zaidi, kwa kuwa sauti yake mwenyewe anaisikia papo hapo kupitia mifupa ya kichwa, kisha anaisikia tena masikioni imechelewa. Hawezi kukueleza tatizo ni nini. Atakwambia tu, "Sijisikii vizuri leo." Mkisikia mwimbaji anasema hivyo, msimpe maji ya uvuguvugu. Kagueni mitambo.

Ndiyo maana mimi ni muumini wa kuwakalisha watu karibu, kwenye duara, waonane macho. Mafundi wengi hawapendi, kwa sababu ya sauti kuvuja: matoazi ya dramu yanaingia kwenye maikrofoni ya mwimbaji, gitaa linaingia kwenye ya dramu, na huwezi kupandisha kimoja bila kingine kupanda nacho. Ni kweli. Lakini dawa yake ipo, na ni ya jiometria kuliko ya fedha. Sogeza maikrofoni karibu na chanzo, halafu hakikisha maikrofoni ya jirani iko mbali angalau mara tatu ya umbali huo. Kama ya kwanza iko sentimita 20 kutoka mdomoni, ya pili iwe sentimita 60 au zaidi kutoka ya kwanza. Na kwa mtu anayeimba huku anapiga gitaa la kawaida, tumieni maikrofoni zenye umbo la nane, zinazosikia mbele na nyuma lakini ubavuni ni viziwi. Moja unaigeuza ubavu wake uelekee gitaa, nyingine ubavu uelekee mdomo. Mara ya kwanza nilipoonyeshwa jambo hili na fundi mzee, nilidhani amezima chaneli moja kwa siri.

Uvujaji unaobaki, uacheni. Msikilizaji haujui kwa jina, lakini ndio unaomwambia kwamba watu hawa walikuwa chumba kimoja.

Kuhusu idadi ya mikupuo, yaani kupiga wimbo mwanzo hadi mwisho bila kusimama: kama kipindi kinarushwa mubashara, mkupuo ni mmoja, hakuna mjadala. Kama kinarekodiwa kwanza kirushwe baadaye, mimi hutoa miwili, na wa tatu kwa ajili ya ajali. Ukimpa mtu mikupuo kumi, anaanza kuimba dhidi ya kosa lake la mkupuo wa pili badala ya kuimba wimbo. Na hapa nina neno la uadilifu ambalo litawaudhi wachache. Kusawazisha viwango vya sauti baada ya kurekodi ni kazi ya fundi, hakuna anayedanganywa. Kumwita mwimbaji kesho yake arudie ubeti halafu ubandike juu ya picha ya jana ni kazi nyingine. Fanyeni mkitaka, ila neno "mubashara" liondoeni kwenye kichwa cha video.

Kamera nitazipitia haraka, maana kuna wanaozijua kuliko mimi humu. Mpiga picha avae viatu laini. Taa za moto zikiwashwa nyuzi za gitaa hulegea, basi ziwashwe mapema kabla ya kuoanisha sauti za vyombo, au tumieni zisizochemka. Na kile kifaa cha kupunguza mwanga wa taa msikiunganishe kwenye njia moja ya umeme na amplifaya za gitaa, mtasikia nyuki.

Kitu kimoja cha kamera lazima nikikalie, kwa kuwa kiliniaibisha. Mwanzoni mwanzoni tulirekodi bendi ya watu watano saa nzima bila kusimama, kamera zimeachwa zinakimbia, sauti iko kwenye rekoda yake pembeni. Tukaunganisha picha na sauti pale mwanzo, makofi ya kwanza yakakaa sawasawa, tukaridhika, tukapandisha. Kesho yake mpiga dramu akanipigia simu. Alikuwa mpole. Akaniuliza kama kwenye wimbo wa mwisho ni yeye anayepiga au ni mtu mwingine. Nikaangalia. Fimbo inagusa ngoma, kimya kidogo, ndipo mlio.

Kila kifaa cha kidijitali kina fuwele ndani yake inayohesabu muda, na hakuna fuwele mbili zinazohesabu kwa usawa kamili. Tofauti ya sehemu 50 katika milioni inaonekana si kitu, lakini saa moja ina sekunde 3,600, kwa hiyo mwisho wa saa umeachana kwa sekunde 0.18. Kwa video ya fremu 25 kwa sekunde hizo ni zaidi ya fremu nne. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, lina mwongozo kuhusu hili: sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi mtazamaji huanza kugundua, na ikichelewa hagundui mpaka ifike karibu 125. Inaeleweka, maana maishani tumezoea kuona radi kabla ya kuisikia. Sisi tulikuwa na 180. Dawa ni kuvifunga vifaa vyote kwenye saa moja inayoviongoza, au kama hamna uwezo huo, simamisheni kamera na rekoda kila baada ya wimbo mmoja ili kosa lisipate muda wa kukua. Na chagueni kHz 48, yaani sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde, kwenye vifaa vyote tangu mwanzo. Hiyo 44.1 iliyobaki kwenye programu ya mtu kwa mazoea ya CD italeta maafa mengine ambayo leo sina muda nayo.

Kuhusu intaneti yenyewe, hesabu ni nyepesi. Ukirusha megabiti sita kwa sekunde, saa moja ni gigabaiti 2.7 za kupandisha, na unataka njia yenye angalau mara mbili ya kasi hiyo, kwa sababu jirani naye ana watoto na watoto wana michezo. Tumieni waya, hata kama watu wa Wi-Fi wameapa kwamba yao inatosha. Mrekodi pia palepale studioni, wakati huohuo, bila kutegemea kinachofika kwa mtazamaji. Mtiririko ukikatika, mwanamuziki asiambiwe katikati ya wimbo. Nimeona mwongoza kipindi akiingia chumbani anapunga mikono, bendi ikasimama, na intaneti ikarudi sekunde tano baadaye ikakuta watu wanne wanaangaliana. Wangeachwa wamalize.

Na kumbukeni mtazamaji yuko nyuma yenu kwa sekunde kumi, ishirini, pengine thelathini, kutegemea njia mnayotumia. Mhoji akisema, "Tuandikieni mnaonaje wimbo huu," maoni yatakayofika kwanza ni ya wimbo uliopita. Wapo wanamuziki waliokata tamaa mbele ya kamera wakidhani watu wamenyamaza.

Fedha. Sitakaa sana hapa, kwa kuwa jibu langu halitamfurahisha mtu. Wapo wanaochangiwa na wasikilizaji, kama kituo cha KEXP cha Seattle ambacho si cha faida. Wapo wenye watazamaji wanaolipia kwa mwezi, wapo wenye wadhamini, na wengi hukodisha chumba mchana ili jioni kifanye kazi ya mapenzi. Njia zote hizo zina matatizo na zote zinavumilika. Isiyovumilika kwangu ni kumtoza mwanamuziki ada ili aonekane kwenye chaneli yenu. Akitaka kukodi studio, mkodishieni, mwandikieni risiti. Lakini mkiuza nafasi ya kuonekana, mtazamaji atajua ndani ya miezi mitatu kwamba mnaonyesha waliolipa, na hapo hamna tena chaneli. Mna ukuta wa matangazo. Mwenyeji anamtoza mgeni kiingilio, halafu anashangaa mbona haponi.

Tufike kwenye karatasi. Kuna methali nyingine: mali bila daftari hupotea bila habari.

Namfahamu mwanamuziki mmoja, jina nalihifadhi na la kampuni pia nalihifadhi. Aliitwa kurekodi kipindi, akaenda na rafiki zake wawili, wakapiga nyimbo tano. Ule wa tatu ukatoka vizuri kuliko ulivyokuwa kwenye albamu yake mwenyewe, hutokea. Baada ya miaka miwili akataka kuutoa rasmi. Alipoupandisha kwenye chaneli yake, mfumo wa kutambua sauti ukamjibu kwamba rekodi hiyo ni mali ya wengine na mapato yoyote yataelekezwa kwao. Akaandika barua pepe. Wakamtumia nakala ya ukurasa mmoja wenye saini yake. Alikumbuka alipousaini: mlangoni, kwenye kioo cha kompyuta ya mkononi, gitaa mgongoni, mtu anamwambia, "Ni utaratibu tu, dada, weka kidole hapa, wanakusubiri upime sauti."

Ule ndio ugonjwa ninaousema. Na haukuhitaji ubaya wa moyo. Nina hakika aliyeandika ukurasa ule aliunakili mahali.

Mjue sheria imekaaje. Wimbo una mali mbili ndani yake. Kuna tungo, ambayo ni hakimiliki ya mtunzi, na kuna rekodi, ambayo huangukia kwenye hakishiriki, yaani haki za waliopiga na waliorekodi. Mwanamuziki aliyetunga haipotezi tungo kwa kuingia studioni kwenu. Ila rekodi ni habari nyingine. Mkataba wa 1996 wa WIPO, shirika la dunia la hakimiliki, kuhusu maonyesho na rekodi za sauti unamtambua mtayarishaji wa rekodi kuwa yule aliyeanzisha na kubeba jukumu la kuinasa sauti kwa mara ya kwanza. Sasa nani amewasha mitambo? Ni kampuni. Kwa hiyo karatasi ikinyamaza, katika nchi nyingi kampuni ndiyo itakayosimama kama mwenye masta, yaani rekodi mama, hata kama haikukusudia.

Upande wa picha ulikuwa mbaya zaidi kwa muda mrefu. Mkataba wa Rome wa 1961 ulimpa mwigizaji na mwanamuziki ulinzi wa kutorekodiwa bila ridhaa, lakini ibara yake ya 19 ilisema kwamba akisharidhia kuwekwa kwenye picha, ulinzi huo unakoma. Ilibidi kusubiri Mkataba wa Beijing wa 2012, ulioanza kutumika 2020, ili wasanii wapewe haki zao kwenye kazi za sauti na picha. Na si kila nchi imeuridhia. Kipindi chenu ni sauti na picha kwa pamoja, kwa hiyo mmekaa palepale kwenye ufa.

Rudini kidogo kwa Peel. Vile vipindi vilirekodiwa kwa ajili ya kusikika redioni usiku fulani na kupita. Katika miaka ya 1980 lebo ya Strange Fruit ikaanza kuvitoa kama santuri, na vikanunuliwa. Hakuna aliyerekodi jioni moja mwaka 1977 aliyejua kwamba jioni ile ingekuwa bidhaa. Nanyi hamjui ipi kati ya jioni zenu itakuwa hivyo, na ndiyo sababu iandikwe kabla.

Mkataba ninaoutetea ni wa kurasa mbili na unatumwa wiki moja kabla, kwa lugha ambayo mama yake mpiga besi angeielewa. Masta inabaki kwa mwanamuziki. Kampuni inapewa ruhusa ya kuonyesha video kwenye chaneli zake kwa miaka inayotajwa kwa tarakimu. Mimi hupenda mitano, inayoweza kuongezwa. Mapato ya video yanagawanywa kwa kiwango kilichoandikwa, na hesabu inatumwa kwa tarehe, bila kuombwa. Kampuni ikitaka kutoa sauti peke yake kwenye majukwaa ya muziki, iombe upya. Na wanaosaini ni wote waliopiga, pamoja na yule mpiga kinanda aliyekuja kumsaidia rafiki yake bila malipo. Yeye naye ni msanii mwenye haki mbele ya sheria, hata kama jina lake halipo kwenye bango. Nimeshaona kipindi kizuri kikiondolewa hewani kwa sababu ya mtu mmoja aliyesahauliwa, na alikuwa na haki.

Ulizeni mambo mawili mapema. La kwanza: je, kuna mkataba wa zamani popote unaomkataza asirekodi upya nyimbo zake? Wengi wanaojiita wa kujitegemea leo walikuwa chini ya lebo juzi, na kipengele hicho huishi kuliko lebo yenyewe. La pili: je, kuna wimbo wa mtu mwingine kwenye orodha? Kwa Marekani, kwa mfano, ile leseni ya lazima inayokuruhusu kurekodi upya wimbo uliokwisha kutolewa inahusu sauti tu. Ukiweka picha, unarudi kwa mwenye tungo kuomba. Wimbo mmoja wa kumuenzi mkongwe, uliopigwa mwishoni kwa furaha, unaweza kuzamisha kipindi kizima.

Kila rekodi pia ipewe namba yake ya ISRC, ile ya kimataifa ya kuitambulisha rekodi, yenye herufi na tarakimu 12 kwa jumla. Usichukue namba ya wimbo uleule kutoka kwenye albamu. Toleo la studioni kwenu ni rekodi nyingine, na likivaa namba ya albamu, mirabaha itakwenda kwa watu wa albamu na hakuna atakayejua imepotelea wapi.

Jambo la mwisho ni dogo na ni la mkononi. Mwanamuziki asiondoke mikono mitupu. Chaneli 24 za sauti, yaani kila maikrofoni na yake, za biti 24 kwa kHz 48 zinakula gigabaiti 12 na nusu hivi kwa saa, na hiyo inaingia kwenye diski ya mfukoni. Wakati wanafunga vyombo, fundi anakili kila chaneli peke yake, anaongeza mchanganyo wa awali, anaandika majina ya wapigaji na tarehe, anampa. Kompyuta zenu zitaungua siku moja. Nakala yao ndiyo itakayowaokoa, na hapo mtakwenda kuwaomba, na mtafurahi mlivyowatendea.

Nimepitisha muda, naona mratibu ameshaangalia saa mara tatu. Bendi ya watu wanne inatungoja chini, dramu zimeshafungwa. Nahitaji watatu wa kujitolea waje wavae hedifoni za mwimbaji kabla yake, nimeziharibu kwa makusudi asubuhi ya leo, na atakayenieleza nilichoharibu atakaa kwenye mikisa. Nyinyi wa mlangoni mko karibu na ngazi, tangulieni.